Jina la Msimu Tusiokuwa Nao

Mama Zainabu alizikwa Thika mwezi uliopita, baada ya swala ya adhuhuri, nami nikafika nimechelewa, viatu vimejaa matope, kama nilivyochelewa mazishi ya bintiye. Niliketi na wanawake kwenye mkeka, nikapewa chai ya tangawizi na mandazi, nikajifanya nafuata mazungumzo. Kisha mwanamke mmoja aliyejitanda mtandio mweusi akaja kuchutama mbele yangu. Paji lile la uso nililijua. Lilikuwa la Halima, yule binti wa marehemu, pana, lenye mkunjo mmoja katikati hata akiwa anacheka. "Auntie Njeri," akasema, "mimi ni Mariamu. Ulikuwa unanifunga viatu." Nilimwacha Mariamu akiwa na miaka sita. Sasa ana watoto wawili na saluni yake huko Githurai 45. Nikampa pole ya nyanya yake, nikaongea maneno mengi kama mtu anayeogopa kunyamaza. Aliniacha nimalize, halafu akasema, "Nyanya aliniambia wewe ndiye ulizika nywele za mama pale ploti ya zamani. Wiki ijayo nataka twende mimi na wewe." Nikasema sawa. Ningesema nini kingine? Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa nikingoja mtu aniulize habari hiyo, na kila mwaka uliopita kimya niliona nimeponea chupuchupu.

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi. Karibu kila mwaka, tukifika kwenye somo la majira, kulikuwa na mwanafunzi wa kuinua mkono kuuliza autumn kwa Kiswahili ni nini. Nilimpa jibu la haraka: wengine husema vuli, wengine demani, na kamusi nyingine zinasema majira ya kupukutika majani, andikeni, tuendelee. Waliandika, tukaendelea. Hakuna aliyewahi kushangaa kwa nini mwalimu mwenye domo kama langu, anayeweza kumaliza kipindi kizima akisimulia neno "kijiko" lilitoka wapi, alikuwa akiliruka hilo moja. Nililiruka kwa sababu niliwahi kulitafuta kwa ajili ya mtu mmoja, nikalipata, nikaogopa kumpa.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1996. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, na Halima alikuwa anatafuta msichana wa kumsaidia katika saluni yake pale Kamenu. Ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Mbele kulikuwa na viti viwili, beseni, kioo kilichopasuka pembeni, draya moja kubwa ya kusimama ya kukaushia nywele, na jiko la mafuta ya taa lililokuwa na sufuria ya maji ya moto kutwa nzima. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda cha Halima na Mariamu, na godoro langu ambalo mchana tuliliegemeza ukutani. Kila kitu kilinuka rilaksa, ile dawa ya kunyoosha nywele, hata chapati. Mume wa Halima, dereva wa lori, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia; walisema ni kifua, na hakuna aliyeuliza zaidi. Saluni haikuwa na bango. Nywele za Halima ndizo zilikuwa bango: nyingi, nyeusi, zinagusa mabega, na wanawake wa mtaa waliingia wakizinyooshea kidole. "Nifanyie kama zako." Naye alikuwa na jibu lake: "Zangu ni za Mungu, mama. Zako tutajaribu." Mtu alikaa akicheka, na mtu anayecheka hasikii kichana kikimvuta.

Ukutani tulikuwa na kalenda ya karatasi nne kubwa, kila karatasi miezi mitatu, aliyopewa na mtu wa kuuza dawa za nywele. Mwaka ulipoanza Halima alizifunua zote nne, akachagua iliyomfurahisha. Ilikuwa picha ya nchi ya ng'ambo, miti myekundu na ya dhahabu, majani yamefunika njia yote, na juu yake neno Autumn. Hiyo ndiyo aliyoiacha wazi. Kwamba ilikuwa ya Septemba hadi Novemba, na sisi tulikuwa Februari, hakujali. "Halima, hapa kwako ni mwezi gani?" wateja waliuliza. "Mwezi mzuri." "Geuza hiyo kitu, mtu atakosa kliniki ya mtoto!" "Haigeuzwi. Hiyo miezi itatukuta hapa hapa." Siku moja tukila githeri, mimi kwenye kiti cha wateja na yeye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, alielekeza kijiko ukutani. "Wewe si ndio umetoka shule juzi? Hiyo inaitwaje kwa Kiswahili?" Nikamwambia ni majira ya Wazungu. "Sijauliza ni ya nani. Nimeuliza jina." Nikachota kijiko kingine cha githeri. "Ai, Njeri! Miaka yote hiyo ya skonga na hujui? Basi nitafutie. Siwezi kuwa naangalia kitu kila siku na sijui jina yake." Nikaahidi. Ilionekana kazi ndogo, kama kutumwa chumvi.

Mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imekolea, nilianza kuona nywele ndefu kwenye mto wake asubuhi. Mwanzoni alisema ni kemikali. Kisha akasema ni kufikiria sana. Alianza kufunga kitambaa, yeye ambaye hakuwahi kukifunga ndani ya saluni, na wateja wakaanza kuja na vichana vyao ndani ya mikoba. Kisha kukawa na ile siku ya mama mmoja wa jirani, ambaye nilikuwa nimemwingiza ndani ya draya akiwa na rola kichwani. Yeyote aliyefanya kazi saluni anajua jambo hili: mtu aliye ndani ya draya hasikii sauti yake mwenyewe. Anadhani ananong'ona, kumbe anapiga kelele. Mama yule alimwinamia mwenzake na kusema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Ati ni ule ugonjwa! Bwana alienda nayo, sasa ni yeye! Angalia hiyo nywele, inatoka kama ya kuku!" Mwenzake alimfinya, naye akauliza kwa sauti ile ile, "Nini? Amesikia?" Halima alikuwa hatua mbili kutoka hapo, anamsuka mtoto matuta. Mikono yake haikusimama. Alimaliza tuta, akalifunga, akaenda kuizima draya kwa mkono wake. "Umekauka, mama," akamwambia. Huyo hakurudi tena, na baada yake wengine.

Pale kwetu nywele za mtu hazikutupwa ovyo. Wateja wengi walizikunja zao kwenye gazeti wakaenda nazo, wakihofia mkono wa mtu mbaya, na zilizobaki tulizichoma kila Jumamosi. Za Halima mwenyewe zilikuwa na utaratibu wake, aliofundishwa na mamaye: zilizotoka kichwani kwa kichana zilizikwa, kwa sababu ni sehemu ya mwili, na mwili unarudi udongoni. Zamani zilikuwa chache, anazizika mwenyewe chini ya mjakaranda uliokuwa uani. Ilipofika Mei zikawa za kujaza kopo la mafuta ya kupikia kwa wiki, naye akiinama kushika jembe anaishiwa pumzi. Basi akanipa mimi. "Uzike vizuri, mdogo wangu. Usiache mbwa afukue." Nilipokea kopo kwa mikono miwili, kwa heshima, nikatoka nalo. Nilipofika kona ya nyumba nilitoa mfuko wa nailoni mfukoni mwa sweta, nikauvaa mkononi, nikapita mjakaranda bila kusimama. Nyuma ya soko kulikuwa na jalala. Nilimwaga nywele za Halima pale, juu ya maganda ya ndizi na majani ya kabichi, nikautupa na mfuko, nikarudi na kopo tupu. "Umezika?" "Nimezika, dada." Nilifanya hivyo kila wiki hadi mwanzo wa Septemba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeambiwa na watu wazima, wenye akili zao, kwamba ugonjwa ule unashika kwa kugusa. Nayasema hayo kwa sababu ni kweli, ila sioni kama yanatosha. Mtu anayeogopa anaweza kusema anaogopa. Mimi niliogopa na nikashukuriwa kila wiki.

Hata kikombe nilikitenga. Nilichukua rangi ya kucha nyekundu, nikaweka nukta ndogo chini ya kikombe kimoja cha bati, nikawa nakitafuta hicho kila nikinywa chai. Siku chache baadaye nilikuta vikombe vyote vinne vina nukta nyekundu chini. Halima alikuwa amekaa mlangoni na chupa ya rangi, anajipaka kucha. "Nimeona umeanza kazi ukaacha katikati," akasema, bila hasira. "Sasa vyote ni vyako." Tukanywa chai. Uso uliniwaka kwa aibu, lakini nilikunywa nikigusa ukingo kwa ncha ya midomo, na ninajua aliniona.

Katika siku hizo hizo nililitafuta neno lake. Nadhani nililitafuta kwa bidii kwa sababu lilikuwa kitu nilichoweza kumfanyia bila kumgusa. Nilianza na Mama Zainabu, mamake Halima, aliyekuwa akija kila Ijumaa na pilau ndani ya hotpoti. Akasema bibi yake wa pwani alikuwa na neno demani, lakini hilo lilikwenda na upepo wa bahari, "na hapa Thika, mwanangu, upepo tulionao ni wa malori." Julai nilikwenda Ruiru kumwona tata Wambui, dada wa mama, aliyekuwa akichuma kahawa kwenye shamba moja kubwa na kukaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Alinipa mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, wa jana uliopashwa hadi ukashika ukoko, na nikamweleza habari ya picha. "Hatuna hiyo," akasema. "Sisi tuko na mvua ya njahi, tukimaliza tunavuna. Halafu mvua ya mwere, tunavuna tena. Msimu unaitwa na kitu mtu anakula. Sasa hao wanaita yao na majani? Kwani wanakula majani?" Nikacheka. Akaendelea, huku akinikwangulia ukoko, "Na hapa mti ukiangusha majani yote hivyo, hakuna mtu anasema ni msimu. Hiyo ni ugonjwa. Tunaita mtu wa dawa." Aliposema hivyo niliacha kula. Tata alidhani nimeshiba.

Wiki iliyofuata niliingia maktaba ya pale Thika mjini, nikaketi na kamusi tatu zenye jalada lililoshonwa kwa uzi. Niligundua kwamba Waingereza nao neno hilo si lao: lilitoka Kilatini likapita kwa Wafaransa, na huko lilikotoka kabisa hakuna mwenye hakika. Zamani, kabla ya kuliazima, waliita msimu huo mavuno tu, kama tata Wambui. Wale waliohamia Amerika wanauita kuanguka, kwa ajili ya majani. Nilifurahi, nikaona nitakuwa na hadithi nzuri ya kumsimulia. Kisha nikafungua ya Kiswahili, nikakuta majira ya kupukutika, na kwa kuwa nilitaka kuwa na uhakika nikaenda kwenye kitenzi chenyewe. Kamusi ilieleza kwamba kupukutika ni kwa majani, kwa manyoya ya ndege, na kwa nywele. Nilikaa pale nikilisoma hadi mtunza maktaba akaja kuniuliza kama nimepata nilichotaka. Nilipofika nyumbani Halima alikuwa kitandani, kitambaa amekitoa, kichwa kimebaki na mabaka, kichana kimelala juu ya shuka na kopo ubavuni. Mariamu alikuwa akizichambua nywele kutoka kwenye meno ya kichana moja moja na kuzitia kwenye kopo, kama mtu anayechambua mchele. "Umepata?" Halima akaniuliza. "Nimepata, dada. Ni vuli." Lilikuwemo katika vitabu vyetu vya shule, hivyo sikuona nimedanganya. Uso wake ukafunguka. "Vuli? Si hiyo tuko nayo! Nilidhani ni kitu ya mbali." Akaitazama kalenda kupitia upenyo wa pazia. "Basi vuli ikifika nitakuwa nimepata nguvu. Utaona. Tutafungua mlango wote."

Laiti ningejua neno dogo lingeweza kumbeba mtu mzima hivyo. Kuanzia siku hiyo Halima aliishi kwa vuli. Wingu likipita Agosti, wakati wa baridi kavu isiyo na tone, alimtuma Mariamu nje akaangalie. Akila vijiko vitatu vya uji alisema hivyo ni vya kungojea vuli. Mama Zainabu alihamia pale na mkeka wake, akasikia habari hiyo, akaniuliza pembeni vuli inahusu nini, nikamwambia ni mambo ya kalenda. Mimi sikuweza kuvumilia. Septemba ilipoanza nilisema tata Wambui anataka msaada kwa sababu kahawa inaanza kuiva. Ilikuwa kweli inaiva, lakini tata hakuwa ameniita. Halima alinishika mkono, nami nikauacha mkono wangu ndani ya wake nikihesabu nitakavyouosha. "Nenda, mdogo wangu. Kazi ni kazi. Lakini mvua ikianza urudi, sitaki nifungue peke yangu." Mariamu alisimama mlangoni na viatu mkononi, kamba hazijafungwa. Nilimwambia nina haraka.

Mvua ya kwanza Ruiru ilitukuta tukifunika kahawa kwenye vitanda vya kuanikia, wanawake wanapiga kelele na kukimbia na nailoni, udongo mwekundu unanukia. Niliwaza: vuli, Halima amefurahi. Nilidhamiria kurudi Jumamosi. Nilikuwa nimeshatenga ndizi mbivu za kumpelekea, na nilikuwa nimejiapiza kwamba nikifika nitamsugua mgongo kwa mikono yangu mitupu, liwe liwalo. Ijumaa asubuhi jirani yetu wa Kamenu alisimama kwenye mlango wa tata, mwavuli unadondoka maji, na kabla hajasema lolote nilijua. Halima alikuwa amekufa alfajiri. Mvua ilikuwa imefika Thika siku mbili kabla, na Mama Zainabu alimfungulia dirisha aisikie.

Nilifika wanawake wamekwisha kumwosha. Katika saluni viti vilikuwa vimetolewa, draya imegeuzwa uso ukutani, na kalenda sasa ilikuwa inasema kweli: tulikuwa Oktoba. Mama Zainabu alitoka nyuma ya pazia, mikono ya gauni imelowa hadi kwenye viwiko. Nilitaka kumkumbatia lakini akanishika bega, kwa upole, akanizuia. "Njeri, umefika vizuri. Sikiliza. Mwanamke akioshwa anasukwa mikia mitatu, inalazwa nyuma. Zake hazikutosha hata mmoja." Sauti yake ilikuwa kavu kabisa, ya mtu mwenye kazi ya kumaliza. "Aliniambia zote zilizotoka ulimzikia wewe. Nionyeshe ni wapi, nimwekee kwa sanda. Najua si lazima. Mimi nataka." Angeniuliza kitu kingine chochote ningemjibu kweli. Nikanyoosha kidole, nikasema, "Pale, Mama. Chini ya mjakaranda."

Mti ulikuwa umeanza kuangusha maua yake ya zambarau, yamelala chini yameloa. Mama Zainabu alipiga magoti akafukua kwa vidole. Nilisimama nyuma yake nimemshikia mwavuli. Alifukua upande mmoja, akahamia wa pili, kisha wa tatu, udongo ukampanda kucha, na mimi nikawa nahamisha mwavuli kumfuata. Wanaume walikuwa wakingoja barabarani na jeneza. Mwishowe aliacha. Akachota udongo mkono mmoja, pamoja na maua mawili matatu yaliyokuwa juu, akaufunga ndani ya kipande cha shuka nyeupe. "Zimekuwa udongo," akasema. Hakuniangalia. Akaingia ndani, na kifurushi kile kikaenda na Halima. Nywele haziozi kwa miezi mitano. Msusi yeyote anajua hilo, na mama wa msusi analijua pia. Nimeishi nikijiuliza kama siku ile alinisitiri au aliniamini, na sijui ni lipi kati ya hayo linaniumiza zaidi. Mwaka uliofuata niliitwa chuo. Sikurudi Kamenu.

Wiki iliyopita nilikutana na Mariamu kwenye lango la ile ploti. Imekuwa ghorofa nne sasa, nguo zimeanikwa kila kibaraza, lakini mjakaranda umeachwa, nusu yake imekatwa kupisha nyaya. Alikuwa amevaa aproni ya kazi chini ya buibui. Nilianza kuzungumza juu ya joto la siku hizi. Akaniacha nimalize tena, kama siku ile ya mazishi. "Nyanya alikuwa ananileta hapa kila mwaka," akasema. "Tunamsomea mama dua, tunaenda. Ile picha ya kalenda pia niko nayo, nimeiweka saluni. Alikuwa anasema hiyo ni vuli, na mama alienda na vuli yake. Nikashika hivyo. Halafu nikaanza hii kazi, Auntie. Kuna wateja wangu huniambia niwazikie nywele, na mimi nazika. Ukichimba baada ya miaka mitatu, bado ziko. Zimejaa mchanga lakini ziko." Akapangusa paji la uso kwa mkono. "Mwaka jana nilikuja hapa na jembe. Nilichimba yote. Sasa niambie."

Nikamwambia. Nilisema kila kitu, mfuko wa nailoni, maganda ya ndizi, kikombe, kopo tupu nililorudi nalo. Sikusema kwamba nilikuwa mdogo, ingawa neno hilo lilikuwa limenijia mdomoni mara mbili. Alisikiliza akiangalia shina la mti. "Kwa hivyo kwa sanda tuliweka mchanga," akasema. "Mchanga na maua," nikasema. "Na mimi ndio nilikuwa nazitoa kwa kichana. Moja moja. Nilikuwa nafikiria nikizikusanya zote mama atapona, zitarudishwa." Hapo nikalia, mwanamke mzima, mbele ya watoto waliokuwa wakicheza mchezo wa kati. Nilinyoosha mkono kumshika. Hakuukataa wala hakuupokea. "Sijakusamehe," akasema. "Labda nitakusamehe, sijui. Kwanza nionyeshe hiyo jalala."

Nikamtangulia njiani. Jalala halipo tena. Mahali pake pamejengwa duka la vifaa vya ujenzi, mlango mpana, mabati yameegemezwa nje na mifuko ya simenti imepangwa hadi dari. Nilipiga hesabu kwa nyuma ya soko na kwa barabara, nikamwonyesha: hapa, au karibu na hapa. Mariamu alivuta mtandio vizuri, akasimama kwenye kizingiti, akafungua viganja viwili mbele ya ile simenti, akaanza kumsomea mamake. Kijana muuzaji akatoka akijipangusa vumbi. "Karibu, mama. Niwatolee nini?" Mariamu hakukatiza. Alimaliza, akapitisha viganja usoni, ndipo akamjibu, "Hapana, ndugu yangu. Tumekuja kuona mtu." Kijana akageuka kutafuta ndani, kati ya misumari na ndoo za rangi, akarudi akatuambia kwamba hapo hakuna mtu mwingine, ni yeye peke yake.